Mwenye Jina Hapatikani

Uliuona ule ukurasa mweupe. Usiseme hukuuona.

Mwezi wa kumi mwaka 2014, ukiwa kwenye metro, au kazini umejificha chooni na simu yako, uliandika lile jina ulilolizoea, tunawatafuta nukta org, na badala ya nyuso ukakuta mstari mmoja wa Kizungu unaosema hapa hapana kitu. Ukafanyaje? Ukabonyeza tena. Kisha ukaenda kutazama matokeo ya mpira. Watu mia nne na kumi na wawili waliopotea katika njia za Kivu na Burundi, kila mmoja na picha yake, kijiji chake, na namba ya simu ya anayemtafuta, walizimika mbele ya macho yako, nawe ukasema mtandao unasumbua leo. Huenda shangazi yako alikuwa humo. Ulimwandikisha mwenyewe, ukalia siku ile mbele za watu. Wiki ya kwanza ukurasa ukabaki mweupe, na ya pili, na ya tatu, na katika vilabu vyote vya Matonge, mtaa wetu wa Brussels, hakuna aliyeondoa mdomo kwenye glasi.

Mwanamke mmoja alinyanyuka.

Jina lake la kanisani ni Marie-Jeanne. Anawaogesha wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette, na hapa Brussels hakuna anayemwita hivyo. Wanamwita Mama Mignonne, kwa jina la mtoto wake wa kwanza na wa pekee, kama desturi ilivyo, ijapokuwa mtoto huyo hakuna aliyemwona tangu watu walipoikimbia Bukavu mwaka 1996. Jumatatu ya pili ya Novemba alipanda ngazi za ofisi ya wakili mmoja wa Schaerbeek, akampita wakili kama anavyopita nguzo, akasimama mbele ya meza ya Rukiya Bizimana.

"Baliiba jina," alisema. "Unitafutie muntu aliiba."

Rukiya ni mzaliwa wa Buyenzi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa karani wa mahakama Bujumbura, mpaka mahakama yenyewe ikahitaji kutoroka. Huku anabeba hati za wakili mlango hadi mlango, na saa zinazobaki anawatafutia watu vilivyowapotea: mume, cheti, kaburi. Jina la kwenye mtandao hakuwahi kulitafuta. Aliandika tarehe juu ya karatasi, akauliza maswali sita, akamwekea karatasi asaini, kisha akauliza la saba.

"Mama Mignonne, kuna mtu yeyote aliyekuandikia kuhusu jina hilo kabla halijazimika?"

"Hapana."

Lilikuja haraka mno hilo hapana. Rukiya aliliandika, akatia nukta ndogo pembeni. Ndivyo alivyokuwa akifanya mahakamani shahidi anapojibu kabla swali halijaisha.

*

Alhamisi asubuhi, tarehe kumi na tatu, aliingia duka la Hassan, ndani ya njia ya maduka iliyo karibu na Porte de Namur. Hassan ni mtu wa Tanga. Anapiga picha za pasipoti, anauza kadi za simu, na nyuma ya pazia anawatengenezea watu tovuti. Ndiye aliyeandikisha jina lile mwaka 2006.

"Dada Rukiya! Karibu. Uso wako leo ni wa hati ya kuitwa shaurini."

"Uso wangu ni wa baridi. Nionyeshe daftari la wenye majina."

Hassan aligeuza kompyuta. Daftari hilo lilikuwa wazi miaka ile. Mtu yeyote duniani aliweza kuuliza jina la mtandao ni la nani na likamjibu. Rukiya alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Tarehe ya kuandikishwa: Machi 2006. Muda wa jina: mpaka Machi 2016.

"Halikwisha muda," alisema.

"Halikwisha. Hapo ndipo wengi wanapoanza kunilaumu mimi, na hapo ndipo wanapokosea. Soma chini."

Chini paliandikwa kwamba jina limefutwa, na kwamba liko katika siku za kukombolewa.

"Nani alilifuta?"

"Subiri nikuchoree." Hassan alichukua bahasha kuukuu. "Juu kabisa wako hawa, ICANN, wako California. Wao hawakuuzii kitu. Kazi yao ni kuhakikisha jina moja halina wenyewe wawili dunia nzima. Ndiyo maana mtu akiandika tunawatafuta akiwa Ndola, na mimi nikaandika hapa, tunafika nyumba moja. Chini yao yuko mtunza daftari la org. Chini yake kampuni zinazoandikisha. Chini ya kampuni niko mimi, muuza rejareja, sina sauti."

"Na Mama Mignonne yuko wapi?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi? Jina ni lake."

Hassan alirudisha kidole kwenye kioo. Mwenye jina: Mignonne Nabintu. Anwani: ya mama, Jette.

"Nilimwambia mwaka ule ule. Mama, andika jina lako. Akasema, Mwanangu, nyumba hii ninamjengea yeye. Siku atakayoikuta aikute ina jina lake mlangoni. Dada, mimi ni nani wa kubishana? Nikaandika."

Rukiya alifungua ukurasa mpya. Aliandika.

"Endelea. Jina la mtu asiyepatikana lilikaa miaka minane. Kwa nini lifutwe sasa?"

"Kwa sababu mtu alilalamika. Kanuni ipo zamani, ila tangu Januari wameikaza: akitokea mtu akasema maelezo ya mwenye jina si ya kweli, kampuni inauliza. Una siku kumi na tano. Ukinyamaza wanaweza kufunga, wanaweza kufuta. Trust me, haikutungwa kwa ajili ya kina mama. Ilitungwa kwa ajili ya matapeli."

"Kanuni nzuri."

"Nzuri sana. Ilitungwa na watu ambao ndugu zao wote wana anwani."

Rukiya aliinua macho. Alikumbuka Juni 2010, mkutano ule mkubwa wa ICANN ulipofanyika hapa hapa Brussels, juu ya kituo cha kati cha treni, katika ukumbi wa vioo. Watu wa dunia nzima wiki nzima, kamba shingoni, na mlangoni paliandikwa kwamba mkutano ni wazi, yeyote aingie, bure. Yeye aliingia kila siku. Aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, akazoa vikombe. Alisikia wakijadili kama mwenye jina lazima ajulikane ni nani na yuko wapi, akaukunja mfuko wa taka, akatoka. Hakumwona mtu wetu hata mmoja kwenye viti. Na wewe pia hukuwapo, na hukuwa na udhuru wa mfuko wa taka.

"Kampuni iliuliza kwa njia gani?" alisema.

"Barua pepe tatu, kwenye sanduku la Mignonne." Hassan alifungua sanduku hilo kwa ufunguo aliojiwekea. Zote tatu zilikuwa bado zimefungwa, hazijasomwa. "Nilimfungulia sanduku na ufunguo nikampa mama kwenye karatasi. Hajaingia hata siku moja. Anasema hafungui barua za mtoto wake."

"Basi hakujua."

"Ngoja. Walipokosa jibu waliniletea barua ya karatasi, nimpelekee. Nikaituma posta, recommandé, tarehe ishirini na nne Septemba. Namba yake hii. Ilifika, ilisainiwa, nikapumua. Nikajua mama ameshughulikia."

"Alisaini nani?"

"Sikuuliza."

"Uliza sasa. Wewe ndiye mtumaji, posta watakupa nakala ya saini. Usiniambie kesho."

"Kesho yenyewe ni tatizo, dada. Siku za kukomboa ni thelathini. Leo ni ya ishirini na tisa. Kesho saa nane mchana jina linaachiliwa, na kuna mashine zimekaa zinangoja majina yaanguke. Nusu sekunde. Litakuwa la mtu wa visiwa gani sijui, anauza viatu."

"Na mkifungua jina jingine?"

"Jina jingine nani atalijua? Hili limeandikwa kwa mkaa kwenye kuta za kambi ya Nyarugusu. Mapadri wamelisoma redioni miaka minane. Kuna watu kule hawajui kusoma lakini jina hili wanalijua kama sala."

Rukiya aliomba kuona malalamiko yenyewe. Jina la mlalamikaji lilikuwa limefichwa. Maneno yake yalibaki, kwa Kifaransa, mistari minne. Alisoma mara moja kwa haraka, mara ya pili polepole, ya tatu kwa sauti:

"Huyo mnayemwita mwenye jina haishi katika anwani hiyo. Mtoto mgonjwa hasaini mikataba."

"Maneno ya chuki," alisema Hassan.

"Fungua ukurasa wa Mignonne. Unao ndani ya kompyuta?"

Hassan alikuwa na nakala. Picha ya msichana wa miaka saba, mapengo mawili mbele. Mignonne Nabintu, wa Kadutu, Bukavu. Urefu, kovu la goti, wimbo anaoupenda. Alionekana mara ya mwisho Novemba 1996 kwenye njia ya Walikale, akiwa na Papa Bienaimé, jirani.

Rukiya alisoma mpaka chini, akarudi juu.

"Wapi wameandika alikuwa mgonjwa?"

Hassan alitazama. Alitazama tena. "Hawajaandika."

"Hawajaandika kwa sababu mama hakujua. Walipotezana mtoto akiwa mzima." Rukiya alifunga daftari lake. "Ugonjwa aliujua aliyembeba."

*

Bienaimé anaendesha basi hapa hapa Brussels. Zamu yake ikiisha hunywa chai kwa Mturuki wa chaussée de Haecht, koti la kazi begani, mgongo ukutani. Rukiya alimkuta hapo saa saba, akavuta kiti bila kuombwa.

"Papa Bienaimé, shikamoo ya kazi."

"Ah, Madame Rukiya. Njo we uko natafuta bantu. Mi sikupotea, niko hapa. Unaweza kurudia kwako."

"Nitarudi. Nani alikuambia mtoto alikuwa mgonjwa?"

Kijiko kilisimama ndani ya glasi.

"Mutoto gani?"

"Papa, nimekuwa karani miaka kumi na minne. Watu walioulizwa swali moja wakauliza jingine, nimewaandika daftari mbili nzima. Mtoto gani wewe unajua."

Alitazama dirishani. Tramu ilipita, ikatikisa vioo, ikaenda.

"Bon," alisema. "Niliandika. Mi njo niliandika. Unataka kunifunga? Binti yangu, Imani, iko na quinze ans, miaka kumi na tano. Kule kwa école, ku masomo, bakabaambia, kila mutoto atafute jina ya famille yake mu ordinateur, mu internet. Akaandika yangu. Akapata nini? Papa yako njo muntu wa mwisho. Alikuya ku meza na chakula iko mbele yetu, akaniuliza, Papa, ule mutoto ulimuweka wapi?"

"Ulimjibuje?"

"Nilimuambia akule."

"Mimi nikikuuliza?"

Bienaimé alivua koti begani, akalikunja, akaliweka mapajani. Alizungumza akiwa analiangalia.

"Tulipotezana na mama yake ku pont, ku daraja, bantu balikuwa bengi, risasi. Mutoto akashika suruali yangu. Nikamubeba. Siku tatu, madame. Homa. Alikuwa moto kama mukate. Na mukono ingine niko na mutoto ya dada yangu, miaka mbili. Mbele ya Walikale miguu ikakataa. Nikamulalisha pembeni ya barabara, nikaweka majani chini yake vizuri. Nikamuambia, Mignonne, naenda kuleta mayi ya kunywa."

"Ulirudi?"

"Risasi ilianza."

"Papa. Ulirudi?"

"Hapana."

Rukiya aliandika neno hilo. Hakulitia nukta pembeni.

"Alikuwa hai ulipomwacha?"

"Alikuwa anapumua. Njo vile nilimuambia Maman, hapa Bruxelles, deux mille trois, mwaka elfu mbili na tatu, siku ya kwanza tulionana: nilimuacha anapumua. Ningemuambia nini ingine? Akanishukuru. Unasikia? Alinishukuru. Halafu akaenda akaniandika mu internet."

"Ukamzimia ukurasa."

"Non! Non, madame. Mi niliandika mistari quatre. Niliandika ile iko kweli, mwenye jina haiko. Nilizani batamuuliza, atajibu, atanipigia telefone, atanitukana, tutazungumuza, atatoa jina yangu kule. Ba... balimupa quinze jours! Angejibu neno moja tu ingebaki." Sauti ilimpanda, Mturuki akageuka. Akaishusha. "Alors, juu ya nini hakujibu?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na lilitoka kwa mtuhumiwa.

Simu ya Rukiya ilitikisika mezani. Hassan alikuwa ametuma picha aliyoipata posta: karatasi ya mpokeaji, tarehe ishirini na sita Septemba, na saini. Herufi za duara, zilizoandikwa na mtu aliyefundishwa na masista. Rukiya aliilinganisha na karatasi ya Jumatatu, iliyosainiwa na Mama Mignonne mbele yake ofisini. Hakuhitaji kuilinganisha mara mbili.

Alinyanyuka.

"Madame," alisema Bienaimé. "Utamuambia nilisema nini?"

"Ulichosema."

"Na ile ya mayi?"

Rukiya alivaa glavu kidole kwa kidole. "Hiyo utamwambia mwenyewe," alisema, akatoka.

*

Kutoka Schaerbeek mpaka Jette ni tramu na tramu. Rukiya alitumia njia nzima kupanga maswali, akayafuta yote, akabaki na moja.

Marie-Jeanne alifungua akiwa bado na sare nyeupe ya hospitali. Nyumba ilikuwa safi kwa namna ya watu wanaosubiri mgeni. Kwenye sofa palikuwa na nafasi mbili za kukaa. Ya tatu ilikuwa na mto uliopigwa pasi.

"Ulimupata?" aliuliza kabla ya karibu.

"Mama Mignonne, barua iko wapi?"

"Barua gani?"

Rukiya alimwonyesha simu. Yule mama aliiangalia saini yake kwa muda, kama mtu anayeonyeshwa picha aliyopigwa bila kujua. Kisha aliingia chumbani. Droo ilifunguliwa na kufungwa. Alirudi na bahasha iliyokatwa kwa kisu, vizuri, bila kuchanwa.

Fomu ya ndani haikuwa imetupwa wala kukunjwa. Alikuwa ameijaza. Jina lake, anwani, tarehe ya kuzaliwa, herufi za duara zikifuata mistari bila kuvuka. Uhusiano na mwenye jina: mama. Halafu chini, pale palipoandikwa hali ya mwenye jina, vilikuwapo visanduku viwili. Kimoja: yuko hai, ambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Cha pili: amefariki, andika tarehe, mrithi asaini.

Vyote viwili vilikuwa vyeupe.

"Ulifika hapa ukasimama," alisema Rukiya.

"Nilifika hapa nikangoja."

"Ulingoja nini, mama?"

"Baweke case ya tatu, kisanduku ingine." Alisema bila mzaha. "Nilifikiri batatuma ingine. Bantu ya bureau banakoseaka, banatuma ingine. Nikangoja. Siku internet ilizimika sikujua kama njo ile barua. Naapa mbele ya Mungu. Nilisema baliiba." Alikaa. "Halafu usiku ya jana nikaisoma tena, nikaelewa. Nikasema, Rukiya asikuye."

"Nimekuja."

"Eeh. Ulikuya."

Rukiya alikaa pembeni ya mto uliopigwa pasi, si juu yake. Alieleza taratibu, kama alivyokuwa akieleza hukumu kwa watu waliotoka mbali. Aliyelalamika ni Bienaimé, na hakudhani itafika huku. Kampuni iliuliza ikangoja siku zake. Kesho saa nane mchana, quatorze heures, jina linaanguka, na nyuso mia nne na kumi na mbili zinaanguka nalo. Mpaka saa hiyo linaweza kukombolewa, lakini haliwashwi tena ila kwa maelezo ya kweli ya mwenye jina. Kitambulisho cha Mignonne, au alama kwenye kisanduku cha pili, na hapo jina linakuwa la mama.

"Nirithi mutoto wangu."

"Ndivyo wanavyoliita."

"We ulikuwa tribunal. Hakuna neno ingine? Bazungu banakosa neno?"

"Wanalo. Absent. Mtu asiyejulikana aliko. Lakini linatolewa na hakimu, na huchukua miaka. Kwenye karatasi hii hawakuliweka."

"Bienaimé alisema nini?"

"Alimwacha anapumua."

"Eeh." Uso wake ulitulia. "Njo vile aliniambia. Hakubadilisha."

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka. Hakuna aliyeinuka.

"Rukiya, mi sikufanyaka kilio. Miaka dix-huit, kumi na nane. Mchungaji alisema tufanye, nikakataa. Dada yangu alisema, nikamufukuza. Kwetu muntu hajalala chini kama hajaliliwa. Nikitia hii alama, kesho bataniita nani? Mama ya nani?"

Karani hapewi kazi ya kujibu. Kazi yake ni kuweka kalamu pale mtu anapoweza kuifikia. Rukiya aliiweka.

"Sitakulazimisha," alisema. "Ulinituma nitafute, nimetafuta. Ukiniambia nichane karatasi hii, nitaichana hapa hapa na nitakunywa chai yako. Lakini kuna akina mama mia nne na kumi na moja wengine humo ndani, na hawajui kwamba sasa tunazungumza."

Marie-Jeanne aliichukua kalamu. Kisha alicheka, mara moja tu, kwa pua.

"Tabia ya Mignonne ile," alisema. "Kuniachia mimi kazi yote."

Alichora alama. Mistari miwili, polepole, ikikutana katikati kabisa ya kisanduku. Halafu kalamu ikaning'inia.

"Hapa banataka nini?"

"Tarehe."

"Tarehe ya nini?"

"Ya kufariki. Tunaweza kuandika Novemba mwaka 1996. Siku ya njia ya Walikale."

"Hapana." Lilikuwa hapana jingine, si lile la Jumatatu. Hili lilikuja polepole, na kila silabi ilikuwa na mtu ndani yake. "Ile siku alikuwa anapumua. Umetoka kusema we mwenyewe. Siwezi kumuua ile siku. Leo ni ngapi?"

"Le treize."

"Andika leo. We njo uandike, mi nitasaini. Mpaka hii asubuhi nilikuwa na mutoto."

Katika miaka kumi na minne ya ukarani Rukiya hakuwahi kuandika tarehe aliyojua si ya kweli. Aliangalia saa yake, kwa mazoea tu. Aliandika: 13 Novemba 2014. Marie-Jeanne akasaini chini yake, kisha akaenda jikoni kuzima moto, na alipofika huko ndipo alipoanza kulia, kwa sauti kubwa ya wazi, ile ya kilio, mpaka jirani wa juu akagonga sakafu kwa fimbo.

Rukiya alitoka kwenye ngazi, akapanda ghorofa moja, akabisha hodi, na alipofunguliwa alisema kwa Kifaransa chake cha mahakamani: "Bwana, kuna mtu amefariki chini. Leo. Usigonge tena."

Hassan aliituma karatasi jioni hiyo hiyo. Ijumaa, saa sita na dakika arobaini mchana, ukurasa ulirudi. Daftari la wenye majina, lile linaloonekana kutoka Ndola mpaka California, lilikuwa limebadilika mstari mmoja: mwenye jina sasa ni Marie-Jeanne, mrithi wa marehemu Mignonne Nabintu. Ukibonyeza na kuingia ndani, uso wa kwanza juu kushoto ni wa msichana wa mapengo mawili, na chini yake pameandikwa, kama miaka yote: anatafutwa. Namba ya simu ni ile ile. Mwanamke mmoja ametia saini maneno yote mawili, na yote mawili ni ya kweli, na hakuna karatasi duniani yenye nafasi ya kuyaweka pamoja.

Sasa weka kitabu hiki chini. Hiyo tovuti ya chama chenu, ya kanisa lenu, ya msikiti wenu, ya wafu wenu na wasiojulikana waliko, imeandikwa kwa jina la nani? Hujui. Nenda uulize leo, kabla hujala. Kama ni la mtu aliyekufa, aliyehama, au mliyempa heshima tu kwa kuwa ni mkubwa, kaeni chini mlibadilishe wakati mngali na siku. Halafu kaa na wewe uandike barua. Milango ya mikutano yao iko wazi, wanasema wenyewe, na maoni ya yeyote yanapokelewa kwa maandishi. Waandikie kwa Kiswahili kama huna lugha nyingine, watatafuta wa kuwasomea. Waambie yupo mtu asiye hai kwao wala maiti kwetu, na kwamba tunataka kisanduku chake. Usingoje mwenzio aanze. Chukua kalamu. Sasa hivi.